Ombi la Dirishani

Kila siku saa tisa alasiri, Colleen Brandt aliingia kwenye foleni ya magari nje ya shule yetu, hapa Harlow Grove, kiungani mwa Chicago. Alikuja kumchukua binti yake Tessa, wa darasa la tatu. Mwalimu alipomleta Tessa garini, Colleen alimwambia haraka haraka kupitia dirishani:

"Mwalimu, Tessa bado hawezi kusoma. Nisaidieni!"

"Nitaliangalia, mama."

Honi zilipigwa nyuma yake, akaondoka. Miezi mitano ilipita hivyo, tangu Septemba hadi Januari.

Mwezi wa Mei tuna Siku ya Kengele. Kila mtoto wa darasa la tatu husoma mstari mmoja wa kitabu cha zamani cha kumbukumbu za vikao vya bodi ya shule, mbele ya watu, kisha hupiga kengele.

"Mimi siendi," Tessa alisema, akisukuma sahani ya makaroni. "Watanicheka."

Colleen alikwenda kwa jirani yake, Bi Lorraine Pruitt, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini.

"Uliomba kwa barua?" Bi Lorraine aliuliza.

"Nilimwambia mwalimu. Kila siku!"

"Dirishani mwa gari? Hee! Kwenye foleni ile hata jina lako utalisahau. Kaa hapo, tuandike."

"Wasije wakamwita mjinga."

"Sikiliza, mwanangu. Zamani hapa palikuwa na vishule sita vya chumba kimoja. Wakulima waliviunganisha, wakajenga shule kwa mikono yao. Lakini kaka yangu Dale herufi zilimchanganya, akarudishwa nyumbani. Mama yangu, Hazel, alikwenda kwenye bodi ya shule mara saba. Mara ya saba wakaajiri mwalimu wa watoto kama Dale, wa kwanza katika kaunti hii. Leo walimu hao wako kumi na wanne. Wewe andika tu."

Waliandika jina la mtoto, shida yake, ombi la kupimwa namna anavyosoma, tarehe na sahihi. Colleen alibaki na nakala.

Shule ilijibu wiki hiyo hiyo. Tessa alipimwa bure, akapewa mwalimu wake maalumu. Kila siku walikaa nusu saa, sauti moja moja, neno moja moja. Najivunia shule zetu, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya Kengele ilifika. Tessa alikwenda. Alishika kitabu, akakwama kwenye neno la kwanza. Hakuna aliyecheka. Alilitamka kwa vipande, kama alivyofundishwa, kisha akaendelea:

"Bi Ha-zel Pru-itt... amekuja tena. Leo... tumekubali."

Bi Lorraine alilia waziwazi, mbele ya watu wote. Tessa akashika kamba ya kengele kwa mikono miwili, akavuta.