Magunia Mawili ya Udongo Mweusi

Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu juzi, yale ya mwisho wa mwaka yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mifupani. Mzee Khiêm alikuwa bustanini akiumwagilia mpichi wake maji ya uvuguvugu ili matumba ya maua yasichelewe. Kijijini kwao kila nyumba ina mpichi wa sikukuu ya Tet, na kila mzee anataka wake uchanue asubuhi ya mwaka mpya, si jana yake wala kesho yake. Khiêm alitangaza treni stesheni mpaka alipostaafu, na tangu hapo mti ule ndio ulikuwa treni yake pekee. Mwaka huu ungefika kwa wakati.

"Mwaka jana mti wako ulikuwa kama ufagio wa chooni," jirani yake, Mzee Tạc, alimwambia juu ya ukuta. "Umeulisha nini?"

"Udongo wa kando ya mto."

"Mto upi huo, nami nikachote?"

Khiêm alicheka, akainamia ndoo yake. Ulikuwa uongo, na wa kwanza kudanganywa hakuwa Tạc. Alikuwa mkewe.

Ukweli ni huu. Baridi ilipoanza, yeye na mkewe Lụa walimfukua mama yake Khiêm, Bibi Chắt, kama desturi yao inavyotaka ardhi ikishaumaliza mwili. Lụa aliiosha mifupa kwa maji yaliyochemshwa na majani ya kunukia, Khiêm akaipanga ndani ya jeneza dogo la udongo wa kuchoma, kuanzia miguu hadi kichwa, ikazikwe upya mahali pa kudumu. Kazi hiyo huisha kabla jua halijaigusa mifupa. Kulipoanza kupambazuka Khiêm aliona kifupa kimoja hakipo, cha kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Aliparura matope kidogo. Baridi ilikuwa kali na magoti yalimuuma. Akasema, "Imetimia," wakafunika.

Laiti ingeishia hapo. Mchana alirudi peke yake kufukia shimo la zamani. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, unatamani kuulamba. Alitazama kushoto na kulia, akajaza magunia mawili, akayafunga nyuma ya baiskeli. Alijua ukoo mzima ungemtemea mate. Akajiambia udongo ni udongo. Haikumpitia akilini kwamba kile alichokikosa shimoni sasa alikuwa amekibeba.

Siku walipokuwa wakifunga keki za mchele kwa majani, kamba ilimponyoka Lụa.

"Mzee, hebu shika hapa," alisema. "Kidole hiki kimekuwa cha mtu mwingine."

Kilikuwa kidole cha mwisho, mkono wa kulia, baridi kama kisu kilicholala nje. Khiêm alielewa pale pale. Watu wao wote wanajua: mfupa ukisahauliwa, aliye hai ndiye anayeugua mahali hapo. Alimchua mkewe kwa dawa, akamfunga kitambaa cha sufu, akaificha siri.

Baridi ikapanda. Ikachukua vidole vitatu, halafu kiganja, halafu kifundo. Zahanati walimpa vidonge vya damu. Lụa alijifunza kula kwa mkono wa kushoto, akijicheka wali ulipomdondokea, na kila alipocheka Khiêm alijiona mwizi. Ilitosha aseme. Lakini kusema ni kumwambia mke kwamba yeye Khiêm amemfanya mama yake mwenyewe mbolea. Pengine baada ya maua, alijiambia.

Asubuhi moja alikuta udongo wa chini ya mpichi umeparurwa. Kuku hao, alisema moyoni, akausawazisha kwa kiganja. Kuku walikuwa bado wamefungiwa bandani.

Alasiri moja, mwaka ukiwa umebakiza kidogo sana, alitoka na ndoo yake. Ng'ambo ya mti mtu alikuwa amechuchumaa. Shati la kahawia. Kitambaa kichwani. Alikuwa akichimbua udongo kwa vidole, uso chini.

"Mama Thoa, acha," Khiêm alimwambia mkewe kwa upole. "Na mkono wenyewe mgonjwa?"

"Unaongea na nani?" Lụa alijibu kutoka jikoni, nyuma yake.

Khiêm hakugeuka. Yule mtu naye hakuacha. Alichimba taratibu, kama aliyedondosha sindano. Kisha manyunyu yakawa mazito, na chini ya mti hapakuwa na mtu. Palikuwa na mikwaruzo ya vidole. Minne, si mitano. Na pembeni minne. Na pembeni minne tena.

Jioni binti yao, Thoa, alipiga simu kutoka mjini. Anakuja kwa sikukuu na atampeleka mama hospitali kubwa, maana ameambiwa mkono ukishakufa hukatwa.

"Waukate tu," Lụa alisema, akicheka peke yake. "Wa kushoto nimeshauzoea." Kisha akaingia chumbani, na Khiêm akamsikia akilia ndani ya mto.

Siku ya mwisho ya mwaka, siku ambayo wafu hukaribishwa nyumbani kula na watu wao, matumba yalianza kupasuka. Khiêm hakuwahi kuwa na mti mzuri vile. Akachukua koleo. Mizizi ilikatika mmoja mmoja, mpichi ukalala kifudifudi, maua kwenye matope. Akachota udongo, akaupitisha kwenye chekeche la jikoni. Kokoto. Ganda la konokono. Kokoto tena. Halafu kitu kidogo cheupe, kimekazwa na mzizi uliokizunguka.

Alikipeleka makaburini kwa baiskeli, amekifumbata. Alichimba mpaka kwenye jeneza dogo, akainua kifuniko, akakiweka mahali pake. Alitaka kusema nisamehe. Mdomo ukatoa maneno aliyoyasema stesheni maisha yake yote: "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Aliona haya. Hata hivyo hakutafuta mengine.

Aliporudi, Lụa alikuwa anakata nyama. Kisu kilikuwa mkono wa kulia. Mezani palikuwa na mabakuli mawili yaliyokwisha kuliwa.

"Mama alikuja," Lụa alinong'ona. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini woga hakuwa nao. "Ulipotoka tu. Tumekula wote."

Khiêm akakaa.

"Nimemwambia ukweli, mzee. Siku ile nikiosha niliona kidole hakipo. Nikanyamaza, nilitaka kwenda nyumbani nikaote moto. Huu mkono nilijua ni adhabu yangu. Wewe uliniamini, ningekwambiaje?" Alijifuta pua kwa kiganja kilichopona. "Amenishika hapa. Amesema yamekwisha."

Hapo ndipo angesema. Mkewe alikuwa ametangulia, ameacha mlango wazi, kilichobaki ni kumfuata. Magunia mawili yalimjaa kooni. Alimtazama mwanamke aliyekuwa amejitwisha kosa la mumewe siku zote zile.

"Pole," alisema. "Si kosa lako sana."

Sana. Neno hilo lilimchoma hadi masikioni.

"Na mti umeuangushia nini?"

"Uliingiwa na wadudu."

Lụa alitikisa kichwa kwa huruma. Huruma hiyo Khiêm alishindwa kuitazama.

"Na mimi?" aliuliza hatimaye. "Mama amesema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu." Lụa alirudi kwenye nyama yake. "Aliuliza tu unalala upande gani."

Khiêm alikwenda chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Alifunua blanketi upande wake. Godoro lilikuwa limebonyea, umbo la mtu mdogo aliyelala kiubavu, ameuelekea mto wake. Hapakuwa na udongo. Hapakuwa na unyevu. Aliweka kiganja kwenye shimo lile.

Palikuwa na joto.

"Mzee," Lụa aliita. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," alisema, akalirudisha blanketi.