Kompyuta Iliyoitwa Punda

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Ruweyda alipangusa vumbi kwenye kompyuta ya darasa. Vumbi la Garissa halina likizo. Siku hiyo hakumaliza, kwani Mwalimu Kasyoka aliingia akihema.

"Ruweyda, insha yako inatakiwa mashindanoni kabla ya saa mbili. Itoe maktaba sasa hivi."

Insha zao zilihifadhiwa katika kompyuta ya maktaba, ng'ambo ya mji. Kwa kuwa ilibeba kazi za shule nyingi, iliitwa Punda. Juzi Ruweyda alisoma kwa sauti karatasi ya maelekezo ya kuifikia, naye Morris, jirani yake wa dawati, akayaandika kwenye faili ya mipangilio ya kompyuta ya darasa huku akitabasamu. Baada ya hapo ilipaswa kutosha kuandika "punda" ili mlango wa kuingia humo ufunguke. Sasa Ruweyda aliandika neno hilo kwa mara ya kwanza.

Mlango haukufunguka. Kompyuta ilidai nywila ya mtumiaji ambaye Ruweyda hakumjua. Akalinganisha namba zote za faili na karatasi ya maelekezo. Zilikuwa sawa. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Akaharibu makusudi jina la mtumiaji lililo kwenye faili, aone kama kompyuta italalamika. Haikulalamika.

"Inanipuuza, Mwalimu," alisema. "Ni kama haisomi faili kabisa. Sielewi, wallahi."

"Soma mstari wa kwanza wa faili."

"Bunda."

"Sasa weka kidole kwenye karatasi, ufuate herufi moja moja."

Kidole kikasimama kwenye herufi ya kwanza. Karatasi ilikuwa na p, faili ilikuwa na b. Ulimini mwa Ruweyda, kama mwa wote wa kwao wanaozungumza Kisomali, hizo mbili zilisikika sawa. Mipangilio yote ilikuwa ya kompyuta inayoitwa bunda. Punda hakuandikiwa lolote.

"Ni kosa langu," alinong'ona.

"Wewe ulisoma. Aliyeandika ni nani?"

Morris, aliyekuwa ameingia na kusimama nyuma yao, alitazama sakafu.

Ruweyda alirekebisha herufi, akarudisha jina la mtumiaji, na mlango ukafunguka. Insha ilitumwa zikiwa zimebaki dakika sita.

"Kompyuta haina dharau," Mwalimu alisema. "Hufuata tulichoandika, haiwezi kujua tulichokusudia. Mtu anaweza. Anayeelewa mwenzake kisha akajifanya hakuelewa, huyo ndiye anayepuuza."

 Morris akamgeukia Ruweyda.

"Nilijua unasema punda," alisema. "Niliandika bunda ili nikucheke. Ulipokwama nikaogopa kusema. Nisamehe."