Santuri ya Ndugu Wawili

Jumamosi ile soko la Balôn, mjini Torino, lilifurika watu mpaka pa kuweka mguu hapakuwapo. Ettore Bruschi alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la santuri kuukuu, koti lake limeingia vumbi viwikoni, alipoivuta moja yenye jalada la buluu: mji uliofunikwa na theluji, na chini yake jina la kundi, Taa za Ukungu. Moyo ulimruka. Wapenzi wa roki ya zamani, ile ya vinanda vizito na nyimbo zisizojua kwisha, waliizungumza santuri hiyo kama watu wanavyozungumza habari za jini: kila mtu amesikia, hakuna aliyeona.

"Hiyo naichukua mimi," sauti ya kike ilisema juu ya kichwa chake.

Aliinua macho. Koti jekundu la sufu, nywele fupi nyeusi, hereni za fedha, na midomo iliyokuwa ikitetemeka kidogo.

"Dada, nimeshaishika."

"Kushika siyo kununua."

"Haya, tazama." Ettore akamlipa muuzaji palepale. "Sasa nimenunua. Lakini mimi siyo mchoyo. Twende nikununulie kahawa, uniambie unaitakia nini."

"Nikishakunywa utaniuzia?"

"Hapana."

"Mjeuri wewe!" Lakini alicheka, na wakaenda.

Aliitwa Delfina Ravera, alikuwa anapima macho kwenye duka la miwani. Alichoitakia santuri hakukisema siku ile. Walizungumza mengine mpaka kahawa ya pili ikapoa, na kabla majani ya miti kando ya mto Po hayajaisha kuanguka, walikuwa wapenzi.

"Hebu sema kweli, laazizi," Ettore alimtania. "Ulinipenda mimi au santuri?"

"Santuri. Wewe ulikuwa mfuko wake tu."

Hata hivyo, kila Ettore alipotaka kuiweka kwenye gramafoni, Delfina alivaa koti lake akatoka. Jumapili moja, wakitembea kando ya mto, akamweleza sababu. Anayepiga kinanda kwenye ile santuri ni baba yake, Mzee Oreste. Anayepiga ngoma ni mdogo wa Oreste, Renzo. Siku waliyomaliza kurekodi walirudi nyumbani kwa gari. Oreste alikuwa anaendesha, usingizi ukamchukua, gari likatoka barabarani. Renzo hakufika hospitali.

"Tangu hapo baba hajagusa kinanda. Santuri ile niliitaka niifiche, asije akaisikia. Nataka uniahidi kitu, Ettore. Usiipige popote anapoweza kuisikia."

"Nakuahidi, roho yangu." Aliahidi upesi, kama mtu anayemkubalia mwenzake kikombe cha chai.

Ettore alikuwa mtangazaji kwenye redio ndogo ya mtaani, na kipindi chake cha alasiri kilikuwa mahututi. Mkuu wa redio alimwita akamwambia, "Ndugu yangu, kipindi chako nani anakisikiliza? Mama yako?" Maneno yale yalimchoma. Alijua nyumbani ana kitu ambacho hakuna redio nyingine iliyonacho. Akajiambia: mzee wa watu, Alhamisi alasiri, atakuwa anasikiliza redio gani? Wimbo mmoja tu.

Akaupiga. Simu zikamiminika. Watu waliuliza, walishangilia, mwingine alilia hewani. Ettore alitoka studio anatembea kama bwana harusi. Simu ikaita tena, na hii ilikuwa ya Delfina.

"Mpenzi, nina habari..."

"Usiniite mpenzi. Baba alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi ana redio."

Ettore alirudi ndani ya studio, akaufunga mlango.

"Ametoka na povu la sabuni shavuni. Ametembea kwenye baridi bila koti, majirani wamemkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa. Hasemi, Ettore. Hata jina langu halitaji."

"Delfina, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani hatasikia. Kwamba ni vibaya, hilo hukulifikiria." Simu ikakatwa.

Sifa ziliendelea kuja, na kila moja ilimpiga kama kofi. Mkuu wa redio alimpa mkono, naye akauona mkono wake mwenyewe mchafu. Alimpigia Delfina, hakupokea; akaanza kumwandikia ujumbe wa kujieleza, akaufuta, kwani kila sentensi ilikuwa inamtafutia yeye mwenyewe nafuu. Mwishowe alichukua santuri, akaenda kugonga mlango wa nyumba alimoishi Mzee Oreste na binti yake.

Mzee alifungua mwenyewe, amevaa sweta ya kijivu, macho yamezama.

"Mzee, ni mimi niliyeupiga ule wimbo. Binti yako alinikataza, nikamwahidi, nikavunja. Sikuja kujitetea."

"Wewe ndiye mpenzi wake?"

"Nilikuwa."

"Ingia. Unaniingizia baridi."

Ettore aliiweka santuri mezani. "Ni yako. Hata ukitaka kuichoma."

"Nilizunguka maduka nikizinunua, nikachoma nyingi." Mzee alilipapasa jalada. "Kijana, unajua kilichonitoa kwa kinyozi? Miaka yote nikimkumbuka Renzo, namwona amelala kando ya barabara. Basi. Siku ile nikamsikia anakimbiza mapigo. Haambiliki yule! Studio nzima tunampigia kelele, 'Renzo, taratibu!' naye ndiyo kwanza anakimbia." Akagonga meza kwa vidole, haraka haraka. "Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuwa hai."

Alilia bila kujificha. Kisha akauliza kama Ettore ana gramafoni. Ettore akakimbia kwake, akarudi nayo ameikumbatia kifuani, na wakakaa kusikiliza. Delfina aliporudi kutoka kazini aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni, uso umebadilika rangi.

"Kaa, mwanangu," mzee alisema. "Msikilize baba yako mdogo."

Baadaye Delfina alimfuata Ettore kwenye ngazi.

"Usijidanganye. Yametokea mema, ila siyo wewe uliyeyapanga. Baba angeweza kufa kwenye ile baridi."

"Najua. Hata akicheka mwaka mzima, mimi bado ndiye niliyekuvunjia ahadi."

Delfina aliketi kwenye ngazi, mikono magotini. "Nami nina langu. Tangu utoto namsikia anamwita Renzo usingizini, na sikuwahi kumuuliza. Nilisema namlinda. Nilikuwa najilinda mimi. Nusu ya hasira niliyokumwagia ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe."

"Nusu nyingine nastahili."

"Tena sana." Alifuta macho. "Usinipigie simu. Nikiweza, nitakupigia."

Majira yote ya baridi yalipita, simu ikiwa kimya. Mwezi wa nne ikaita. Baba anataka kwenda kaburini kwa Renzo, Delfina alisema, na hajawahi kwenda. Je, Ettore atawaendesha? Aliwaendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Makaburini mzee alitangulia peke yake, wao wakabaki getini, upepo unapeperusha gauni la kijani la Delfina.

"Nataka ahadi moja," Delfina alisema. "Usiniahidi tena jambo usiloliweza. Hilo tu. Ukiliweza hilo, nioe."

Ettore alimtazama mzee aliyepiga magoti kule mbele, akamtazama mwanamke aliye mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalipima neno kabla ya kulitoa.

"Naliweza," alisema.

Delfina akamshika mkono, wakaenda kumsaidia baba kuinuka.