Insha za Iiris na Jina la Baba Yake

Jumapili ile nyumbani kwa Taisto Kuivalainen, mjini Lieksa, karibu na mpaka wa mashariki wa nchi yao ya theluji, kulikuwa na utulivu wa watu walioshiba. Walikuwa wametoka sauna, bafu lao la mvuke, mkewe Marjut ameweka mezani pai ndogo za wali na siagi iliyochanganywa na mayai, na binti yao Iiris, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa amewaletea bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na nakala za insha zake za miaka mitatu kuhusu usalama wa kimataifa na siasa za nje, pamoja na maoni ya walimu wake pembeni.

Iiris aliwaambia kwamba amechoka kuona kazi zake zinasomwa na mtu mmoja kisha zinafungiwa kabatini. Alipanga kufungua tovuti yake mwezi wa tatu aziweke zote, hata zile zilizopata alama mbaya, ili anayetaka kujifunza ajifunze.

"Nyinyi ndio wa kwanza kupata," alisema. "Mkitaka kuzitumia popote, tumieni. Ila mseme zimetoka kwangu."

Taisto alilinda mpaka wa mashariki kwa miaka thelathini na mmoja, na shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita. Alisoma insha ya kwanza taratibu, kidole juu ya mstari. Iiris alikuwa ameandika kwamba usalama wa nchi ndogo huanza pale jirani anapojua utafanya nini kabla hujafanya. Taisto alirudia mstari huo mara tatu. Maisha yake yote ya porini, kwenye theluji, yalikuwa humo, na binti yake ndiye aliyeyapatia maneno. Kifua kilimjaa.

Laiti angeishia hapo, wenzangu, nisingekuwa na la kuwasimulia.

Majuma machache baadaye aliombwa azungumzie mambo ya mpaka kwenye ukumbi wa zimamoto. Alisimama akasoma kurasa mbili za Iiris. Watu walipiga makofi mpaka wengine wakasimama. Pentti, aliyelinda naye doria ujana wao wote, akamshika bega.

"Kumbe kichwa hicho kilikuwa na haya yote, na mimi miaka yote unaniongelesha habari za samaki tu?"

Taisto alikuwa na nafasi ya kusema ni kazi ya mwanawe. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Badala yake akacheka, na kile kicheko ndicho kilichoiharibu nyumba.

Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Gazeti la mji lilimwomba maoni, akanakili insha nzima, ikachapishwa mwezi wa pili kwa jina lake na picha yake akiwa na kofia ya kazi. Kisha wakaja watu wa chama kumwomba agombee udiwani. Marjut alimuuliza kama Iiris anajua. Taisto akajibu kwamba cha mtoto ni cha baba, na hapo hapo akabadilisha mazungumzo.

Siku tisa kabla ya uchaguzi, Marjut alitoka kuongea na binti yao kwa simu akiwa amebadilika sura. Akakaa mbele ya mumewe.

"Tasnifu ya Iiris imezuiwa," alisema. "Wameikagua wakakuta kurasa tano alizozitoa kwenye insha yake zinafanana na makala yako ya gazetini. Wanadhani mwanangu ameiba."

"Si azitoe zile insha? Zina tarehe, zina maoni ya walimu."

"Anazo. Hataki kuzitoa."

"Kwa nini?"

"Akizitoa, wewe ndiye mwizi. Amesema atasubiri uchaguzi upite. Na barua yao inataka majibu kabla ya Ijumaa."

Taisto alivaa koti akatoka mpaka ufukweni, ambako barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kulegea. Aliona aibu ya namna ambayo hakuwahi kuijua. Yeye aliyejivunia kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita sehemu yake ya mpaka bila ruhusa, amepita kwenye kazi ya mwanawe usiku na mchana bila kubisha hodi. Na huyo mwanawe, badala ya kupiga kelele, amejisimamisha yeye mwenyewe mbele ya lawama.

Aliporudi alimpigia simu.

"Iiris, toa karatasi zako zote."

"Baba, zimebaki siku chache tu. Nitajieleza baadaye."

"Baadaye ipi? Toa leo. Na mimi naandika barua ya kwangu kwenda chuoni, nyingine gazetini."

Upande wa pili akamsikia mwanawe analia.

Jumatano jioni wagombea walikutana na watu kwenye ukumbi ule ule. Zamu yake ilipofika, Taisto aliwaambia kwamba hotuba waliyoipigia makofi, na makala waliyoikata wakabandika kwenye friji, ni kazi ya Iiris Kuivalainen, na kwamba yeye aliichukua akakaa kimya. Hakutafuta kisingizio. Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Pentti akauliza, kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia, kama na zile hadithi za samaki nazo ni za binti. Watu wakacheka, na Taisto akazibeba zile kejeli kama mzigo wake halali.

Alipata kura kumi na nne. Gazeti likasahihisha jina. Chuo kikapokea maelezo, kikamsafisha Iiris, na mwezi wa sita akahitimu kwa alama za juu.

Tovuti yake, aliyoichelewesha mpaka amalize tasnifu, ilisomwa na watu wengi kuliko alivyotarajia, na baadhi ya walimu wa sekondari wakawa wanaitumia darasani. Siku moja sokoni Lieksa, mama mmoja mgeni alisikia jina la Kuivalainen likitajwa, akamgeukia Taisto kumuuliza kama ndiye mwandishi wa zile insha.

Taisto aliweka kikombe chake cha kahawa chini akanyoosha mgongo kama aliye kwenye gwaride.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi ni baba yake."

Funzo

Mtu akikushirikisha elimu yake amekupa heshima kubwa. Mlipe kwa kutaja jina lake. Mzigo wa sifa usiyoitolea jasho humwangukia mwingine, na mara nyingi huyo ni mtu wa nyumbani mwako. Wazazi wenzangu, tujivunie kazi za watoto wetu kwa majina yao wenyewe, maana kuitwa mzazi wa mtu hodari ni sifa tosha. Na ukikosea, sema mapema, tena mbele ya wale wale waliokupigia makofi.