Sifa Zilizomponza Mwalimu

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya wanafunzi hujaa hata mtu akakosa pa kuweka mguu. Wazazi walisimama bega kwa bega wakitaja daftari na saizi za soksi, na wauzaji waliitikia bila kuinua macho. Katika msongamano huo mwanamke mmoja, aliyevaa gauni la samawati lenye mkanda mweusi, alinyoosha mkono kuchukua boksi la mwisho la penseli nene, na mkono wa mwanamume ukalifikia wakati uleule.

Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililonyooka kwa pasi, miwani ya fremu nyeusi na viatu vilivyosuguliwa vikang'aa. Aliliachia boksi mara moja, kama inavyompasa mtu aliyelelewa, ila ulimi wake haukutulia.

"Una watoto wangapi wa chekechea, dada?"

"Sina hata mmoja. Hizi ni za darasa la sita."

"Darasa la sita waandikie penseli za vichanga?"

"Waandikie kitu ambacho vidole vyao vinaweza kukishika. Na wewe, kaka, unazitakia nini? Au ndizo unazotumia kazini?"

Alikiri kwamba alikuwa akimnunulia mtoto wa dada yake aliyekuwa akianza shule. Foleni ya kulipia ilikuwa ndefu, nayo iliwapa nafasi ya kujuana. Mwanamke alikuwa mwalimu wa darasa la msaada katika shule ya serikali. Humo waliletwa watoto wa darasa la sita walioachwa nyuma katika kusoma, waliofiwa wakapoteza mwelekeo, na wale waliowapiga wenzao kwa sababu hawakufundishwa njia nyingine ya kuomba kitu. Mwanamume alisema yeye ni mkaguzi katika ofisi ya elimu, na kwamba kila muhula hupeleka taarifa za shule kwenye kikao kinachogawa walimu wasaidizi.

Mwalimu alimtazama upya, kuanzia viatu hadi miwani.

"Kumbe yule tunayemwita Bwana Mgao ndiye wewe. Nilidhani ni mzee mwenye kitambi."

"Kitambi kiko njiani," alijibu. "Nipe namba yako nikuarifu kitakapofika."

Alimpa. Miezi iliyofuata walikutana kila Jumamosi kwenye mkahawa mdogo karibu na maktaba, wakanywa chai, wakabishana kuhusu vitabu, na jioni simu ikaendeleza yaliyobaki. Shangazi wa mwalimu, aliyemlea tangu utoto na ambaye bado aliishi naye, alianza kulalamika kwamba siku hizi mchuzi unaungua kwa sababu ya kicheko.

Walipendana kwa adabu, lakini hawakupimiana maneno. Hapo ndipo kosa lilipopata mlango.

Ieleweke kwamba wasaidizi walikuwa wachache na shule zilikuwa nyingi. Kikao kiliwapeleka mahali penye uhitaji mkubwa zaidi, nayo ni haki. Darasa la mwalimu lilikuwa na msaidizi mmoja, mama mjane mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kando ya binti ambaye wenzake walimwita Kimya. Binti huyo alikuwa hajapata kufungua kinywa mbele ya darasa tangu aandikishwe shuleni hapo.

Jioni moja mwalimu alipiga simu kabla hajavua viatu.

"Mpenzi, Kimya amesoma leo. Ukurasa mzima."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Msaidizi amemwekea mkono mgongoni, naye akasoma hadi nukta ya mwisho. Nimekimbilia stoo nikalia."

"Umelia peke yako?"

"Na mifagio. Imenifariji sana."

Mkaguzi alifurahi kupita kiasi. Wiki hiyohiyo kikao kiliketi. Ilipofika zamu ya shule ile alisimama, akaacha taarifa aliyoiandaa, akaeleza jinsi watoto wa darasa la msaada walivyopiga hatua, na jinsi binti asiyesema sasa anavyosoma ukurasa mzima mbele ya wenzake. Hakuwa amekagua darasa hilo muhula ule. Alisema aliyoambiwa na mpenzi wake, kwa sauti ya mtu anayetaka dunia nzima ijue amempata nani.

Mwenyekiti, mama makini asiyependa maneno mengi, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba habari hiyo ni njema, na kwamba kwa kuwa watoto wale wanasoma, msaidizi wao ahamishiwe shule ambayo watoto wake bado hawasomi. Wajumbe waliafiki. Mkaguzi aliketi, maana hoja ilikuwa imetoka kwake mwenyewe.

Angemweleza mwalimu siku hiyohiyo, angepunguza uzito wa kosa. Hakumweleza. Alijidanganya kwamba atalirekebisha kimyakimya kwanza, na simu mbili zikapita akizungumzia mvua. Mwalimu alipata habari kutoka kwa mwalimu mkuu, ukumbini, huku wanafunzi wakipita na mabegi yao. Mwalimu mkuu alimpongeza kwa kusifiwa kikaoni, kisha akamwambia kwamba mwisho wa mwezi msaidizi ataondoka.

Siku iliyofuata mwalimu alimfuata mkaguzi ofisini. Alivaa sketi nyeusi na blauzi ya kijivu, hakuvaa hereni. Alisimama mbele ya meza yake, akachukua gazeti lililokuwa pale na kumpa.

"Nisomee kichwa cha habari."

Alisoma, asielewe mchezo huo ni wa nini.

"Umesoma vizuri. Basi macho yako yamepona." Aliivua miwani usoni pake kwa mkono wa taratibu kabisa. "Hii nampelekea mtu asiyeona. Endelea kusoma."

Mkaguzi alilitazama gazeti, na gazeti likawa ukungu mtupu.

"Kimya anasoma kwa sababu kuna mtu kando yake," mwalimu alisema. "Nilikwambia wewe. Sikukiambia kikao."

"Nilitaka kukusifu."

"Ulitaka kujisifu wewe. Na ulipoona limeharibika ukaniongelesha mvua."

Aliirudisha miwani mezani akaondoka. Tangu hapo simu ya mkaguzi iliita bila kupokewa. Shangazi alipouliza mbona mchuzi hauungui tena, alijibiwa kwamba mtu aliyekuwa akiuunguza ana kazi nyingi. Shangazi alimwambia asimfiche, kwani yeye si mtoto wa jana, naye mwalimu akamsimulia yote. Shangazi hakumtetea mwanamume wala kumlaani. Aliuliza swali moja tu: huyo bwana anafanya nini sasa, analia au anarekebisha? Mwalimu alisema hajui. Shangazi akasema basi wangoje waone.

Shuleni, msaidizi alianza kuwaaga watoto kidogokidogo, na Kimya akaacha kusoma kabla hata hajaondokewa. Alikaa na kitabu kilichofungwa, mikono juu yake. Mwalimu alijaribu kuketi kando yake mwenyewe, lakini nyuma yake wawili walikuwa wameshakamatana mashati, na hakuna mtu awezaye kukaa mahali pawili.

Mkaguzi alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba hali ya watoto imebadilika ghafla, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Ungekuwa uongo wa pili wa kuufunika uzembe wa kwanza. Alichagua njia nyingine. Aliomba nafasi mbele ya kikao, akavaa tai, akasimama mahali palepale.

"Niliyoyasema kuhusu shule ile hayakuwa ukaguzi," alisema. "Darasa sikulikagua. Nilirudia maneno ya mwalimu wao, ambaye ninampenda, na nilijivuna. Naomba mtu mwingine apelekwe akaone kwa macho yake, na mimi niondolewe katika mambo ya shule hiyo."

Wajumbe wawili walicheka chinichini. Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia kwamba kwa mtu wa kazi yake hilo ni kosa kubwa, kwamba onyo litamfikia, na kwamba ombi lake limekubaliwa. Mkaguzi alitoka uso ukimwaka, lakini alitembea wima.

Mkaguzi aliyepelekwa alikuwa mama mtu mzima, mkongwe wa kazi. Alikaa kiti cha nyuma darasani asubuhi nzima. Alimtoa msaidizi nje kwa muda, akaona kitabu cha Kimya kikifungwa na ugomvi ukizuka dirishani. Alimrudisha. Ilichukua muda mrefu, lakini hatimaye binti alifungua kitabu na kusoma sentensi mbili, kwa sauti nyembamba. Mama huyo aliandika kwamba maendeleo ya watoto hawa ni matunda ya msaada, na kwamba kuuondoa ni kuyaondoa nayo. Kisha, akifunga mkoba wake, alimweleza mwalimu jinsi mwenzake alivyosimama kikaoni, neno kwa neno.

Jumamosi simu ya mkaguzi iliita.

"Msaidizi anabaki," mwalimu alisema.

"Nashukuru. Na Kimya?"

"Huna ruhusa ya kuuliza, Bwana Mgao. Shule yangu si yako tena."

"Kweli. Si yangu."

Mkaguzi alimsikia akivuta pumzi.

"Kwa hiyo hunikagui, wala sipo chini ya ofisi yako. Unaweza kuja nyumbani, ukitaka. Uje na dada yako. Shangazi anataka kukuona kwa sababu maalumu, na usijifanye huijui."

"Nitakuja."

"Ila usinisifu mbele yake. Hata neno moja. Sifa zako tumeshaona kazi yake."

Alikuja na dada yake, amevaa suti ya rangi ya udongo. Mwalimu alikuwa katika gauni la zambarau, akamimina chai bila kumtazama usoni. Shangazi aliwaacha wanywe, kisha akauliza moja kwa moja amempendea nini binti yake.

Mkaguzi alikuwa na majibu tele, na yote yalikuwa yamekatazwa. Aliweka kikombe chini.

"Nilimkosea, shangazi, nikalirekebisha nilivyoweza. Nataka kuishi naye. Mengine muulize mwenyewe."

Shangazi alimgeukia mwalimu. Mwalimu alisema kwamba hana nyongeza, na akasogea kwenye kochi, akamwachia nafasi kando yake.