Aliyeitikia Salamu

Bibi Esteri alichuchumaa mlangoni mwa zahanati, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyoamkiana, akasema, "Mwakeye."

Nesi Kudra hakuinua uso. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na salamu za watu wa Makere hazina mwisho. "Unaumwa nini, bibi?"

Sauti ya kike ikaitikia kutoka chumba cha sindano. "Mwakeye, mama. Umelalaje? Wajukuu je?"

Bibi akatabasamu. "Afadhali mwenzako kafundwa."

Kudra akageuka. Chumba cha sindano kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Tangu siku hiyo wagonjwa walimpita. Waliegemea mlango ule, wakanong'ona, wakacheka kidogo, kisha wakarudi makwao wakiacha vidonge vyao kwenye benchi. Harufu ya udi na damu mbichi ikatanda hata mchana wa jua kali. Bazilio mfagiaji, ambaye kila asubuhi alimwekea Kudra uji bila kuombwa, akamsogelea.

"Dada, watu wamekuamkia na kukuamkia, wewe kimya. Sasa kuna aliyekaa mahali pako."

Kisha akaja Immakulata, mama yake Niyonzima, mimba kubwa, miguu imevimba, presha juu. Gari la wagonjwa lilikuwa linamsubiri kumpeleka hospitali Kasulu, lakini alikumbatia nguzo ya baraza.

"Siendi."

"Utajiua wewe na mtoto," Kudra akafoka, na nyuma ya mlango kitu kikacheka kwa sauti yake yeye Kudra.

Ndipo alipochuchumaa, akapiga makofi, akasema, "Mwakeye, mama Niyonzima," akasubiri aitikiwe, akamwuliza alivyolala, na watoto amewaachia nani, na muhogo umeanikwa na nani, na kila alipouliza mlango ulitikisika, kufuli likagonga, harufu ikazidi, sauti ile ikamtukana mpaka mama yake mzazi, lakini hakuondoa macho usoni mwa mgonjwa mpaka mgonjwa alipofungua mdomo.

"Yule wa chumba cha sindano amesema huko watanipasua, wamchukue mtoto."

"Huenda wakakupasua, sikufichi. Mtoto watakupa wewe umnyonyeshe. Kingine kinachokutisha?"

"Kufa peke yangu."

"Mimi siwezi kuacha wagonjwa hawa. Bazilio atakaa nawe."

Bazilio alikuwa ameshabeba kanga za mgonjwa.

Gari likaondoka. Mlango ukatulia, harufu ikakatika. Kudra akafungua kufuli, akaona kitanda na ndoo tu, akakaa chini akalia kwa faraja.

Jioni Bazilio akapiga simu, akiongea chini kwa chini. "Dada, tumefika. Madaktari wako tayari, ila amegoma kuingia."

"Mpe simu niongee naye."

"Hataki. Anasema simu ya nini, wakati wewe uko hapa, umemshika mkono tangu Makere, na umemkataza."