Kidole cha Isao

Mimi shule niliikimbia mapema na siogopi kitu, mnanijua. Ila kisa cha rafiki yangu Isao, dereva wa treni hapa Niigata, Japani, sikisimulii nikiwa peke yangu.

Madereva wetu hunyooshea kidole kila kitu na kukitaja kwa sauti, ili akili isitoroke. Ya Isao ilishatoroka mara mbili.

"Ya tatu, bwana mdogo, treni utaziona ukiwa abiria," mkuu wake alimwonya.

Nikamtania, "Kaka, wewe hata kulala unasahau!" Hakucheka.

Mchana huo alipeleka treni tupu gereji, kupitia handaki refu. Giza likamfunika. Magurudumu yakagonga vilevile, vilevile, mpaka mwili ukafa ganzi. Kidole kikainuka chenyewe.

"Taa, ipo!"

"Breki, ipo!"

Sauti ilikuwa yake. Akajigusa mdomo kwa mkono wa pili. Mdomo ulikuwa umefumba.

"Mlango, umefungwa!"

Kisha kidole kikageuka taratibu, kikaelekea kifuani kwake, kikatulia hapo.

"Dereva," sauti yake ikasema, "hayupo."